Aliyebaki Mlangoni: Uchambuzi wa Kisa cha Scarborough Shoal, Aprili hadi Juni 2012

Majina ya makamanda, manahodha, wavuvi na wapatanishi yameachwa kwa makusudi. Nchi, mahali, idara na meli zimetajwa, kwa sababu zimo katika hukumu ya wazi ya mwaka 2016 ya usuluhishi kati ya Ufilipino na China, na bila kuzitaja kisa kinapoteza maana.

Mahali penyewe

Scarborough Shoal iko katika Bahari ya China Kusini, takriban maili 120 za baharini magharibi ya kisiwa cha Luzon, Ufilipino, na karibu maili 450 kutoka pwani ya China bara. Wachina wanaiita Huangyan Dao, Wafilipino wanaiita Bajo de Masinloc au Panatag. Si kisiwa cha kuishi mtu. Ni mwamba wa matumbawe wenye umbo la pembetatu, mzingo wake kilomita 46 hivi, na ndani yake kuna maji matulivu yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 130. Maji yakijaa, kinachobaki juu ni vijiwe vichache tu.

Mwamba huu una mlango mmoja wa maana, upande wa kusini mashariki, wenye upana wa mita 400 hivi. Mvuvi yeyote wa pwani yetu ya Afrika Mashariki anaelewa mara moja uzito wa jambo hilo. Chombo kikubwa kinachotaka kuingia kujificha dhoruba au kuvua lazima kipite hapo, na ukiweka meli mbili mlangoni umeufunga mwamba mzima.

Wavuvi wa Zambales na Pangasinan, mikoa ya pwani ya Luzon, wamekuwa wakienda huko vizazi kwa vizazi na bangka zao, mashua za mbawa pande zote mbili ambazo ni ndugu za ngalawa. Wavuvi wa Hainan, kisiwa cha kusini mwa China, wamekwenda pia, na wa Vietnam. China, Taiwan na Ufilipino kila mmoja anasema mwamba ni wake. Swali hilo la umiliki halijapata kuamuliwa na chombo chochote cha kimataifa, na uchambuzi huu hauliamui.

Nani alikuwa na chombo gani

Upande wa Ufilipino chombo kikubwa kilikuwa manowari BRP Gregorio del Pilar, yenye urefu wa mita 115 (BRP ni kifupi kinachotangulia majina ya meli za serikali ya Ufilipino). Historia yake ni somo peke yake. Ilijengwa Marekani miaka ya 1960 kwa ajili ya Walinzi wa Pwani wa nchi hiyo, ikafanya kazi zaidi ya miaka arobaini ikiwa imepakwa rangi nyeupe, ikikamata wahalifu na kuokoa watu. Mwaka 2011 Ufilipino iliichukua, ikaipaka kijivu na kuikabidhi kwa jeshi la wanamaji. Umbo na injini vilikuwa vilevile, ila sasa kila iliposogea ilihesabiwa kuwa hatua ya kijeshi.

Walinzi wa Pwani wa Ufilipino walikuwa na meli za utafutaji na uokoaji za mita 56, zilizojengwa Australia. Mbili zinahusika hapa: BRP Pampanga na BRP Edsa II. Idara ya uvuvi ilikuwa na vyombo vyake vidogo zaidi.

China wakati huo ilikuwa na idara tano tofauti zenye meli za kusimamia sheria baharini, kila moja chini ya bwana wake. Kisa hiki kinahusu mbili: idara ya uangalizi wa bahari, ambayo meli zake zina namba zinazoanza na CMS, na kikosi cha kusimamia uvuvi kilichokuwa chini ya Wizara ya Kilimo, ambacho meli zake hukumu inaziandika FLEC. Meli hizi zilikuwa nyeupe na za kiraia. Kubwa kuliko zote zilizofika Scarborough, FLEC 310, ilikuwa mpya, ndefu kupita mita 100, yenye uwezo wa kubeba helikopta.

Mtiririko wa matukio

Tarehe 8 Aprili 2012 ndege ya doria ya Ufilipino iliona mashua nane za uvuvi za China ndani ya mwamba. Manowari ikatumwa. Asubuhi ya tarehe 10 Aprili wanamaji walishuka kwenye mashua ndogo, wakapanda vyombo vya wavuvi na kuvikagua. Walichokuta kilipigwa picha: matumbawe, kombe wakubwa wa jamii ya tridakna na papa walio hai. Matumbawe na kombe hao vinalindwa na sheria ya Ufilipino.

Kabla ya kukamata mtu yeyote, meli mbili za CMS zilifika na kusimama kati ya manowari na mashua za wavuvi, mlangoni pa mwamba. Kwa redio kila upande uliuambia mwingine kwamba uko katika maji yasiyo yake. China ilieleza kuwa wavuvi walikuwa wamejificha hali mbaya ya hewa, na kwamba wavuvi wasio na silaha walikuwa wanasumbuliwa na chombo cha kivita.

Tarehe 12 Aprili Ufilipino iliiondoa manowari, ikielezwa kuwa inakwenda kujaza mafuta na chakula, na BRP Pampanga ikashika nafasi. Siku mbili zilizofuata mashua zote nane ziliondoka na mzigo wao. Manila ililalamika waziwazi kuhusu mzigo huo, lakini ulikuwa umeshakwenda.

Hapo wengi walidhani mambo yamekwisha, maana wavuvi waliogombaniwa walikuwa wamerudi kwao. Meli za serikali hazikuondoka. Zikaongezwa.

Tarehe 28 Aprili FLEC 310 iliikaribia BRP Pampanga hadi mita 550 hivi, ikageuka, kisha ikapita mita zisizofika 200 kutoka BRP Edsa II kwa kasi ya zaidi ya kilomita 37 kwa saa. Mawimbi yake ya mita 2 yalizipiga mashua mbili za mpira za Walinzi wa Pwani. Tarehe 26 Mei chombo kidogo cha idara ya uvuvi ya Ufilipino, MCS 3008, kilizuiwa na meli kadhaa za China kilipokuwa kinaelekea kwenye mwamba, na mojawapo ilijaribu kukata omo yake, yaani kupita mbele yake, kwa karibu.

Nje ya bahari nako kulichemka. China ilikaza ukaguzi wa ndizi kutoka Ufilipino, na makontena yakakwama bandarini. Malalamiko kuhusu wadudu katika ndizi yalikuwa yameanza kabla ya mvutano, kwa hiyo si haki kusema yalizuliwa. Lakini wakulima wa Mindanao, kusini mwa Ufilipino, ambao hawajawahi kuliona jiwe la Scarborough, walijua kwa nini ukaguzi umekazwa Mei. Kampuni za utalii za China zikasimamisha safari za Ufilipino.

Nchi zote mbili zikatangaza marufuku ya kuvua, kila moja ya kwake, kuanzia tarehe 16 Mei. Wiki moja baadaye Ufilipino ililalamika kuwa imeona mashua 16 za uvuvi za China pamoja na meli 5 za serikali, zikiwa zimezungukwa na mitumbwi mingi.

Mwanzoni mwa Juni, baada ya mazungumzo ambayo Marekani iliyasaidia, pande zote ziliondoa meli za serikali ndani ya mwamba. Tarehe 15 Juni, kimbunga kikikaribia, Rais wa Ufilipino aliamuru meli mbili zilizobaki karibu na mwamba zirudi bandarini. Ufilipino na Marekani wanasema kulikuwa na makubaliano kwamba kila upande uondoke. China inasema hakukuwa na makubaliano hayo. Meli za China zilibaki, na baadaye mwaka huo Ufilipino iliripoti kuwa mlango umefungwa kwa kamba.

Maamuzi, na kwa nini yalifanywa

*Kutuma manowari.* Lawama nyingi zimeangukia uamuzi huu. Inasemwa kwamba Ufilipino ndiyo iliyoanza kupeleka jeshi kwenye kazi ya polisi. Kwa mtazamo wa picha iliyotoka duniani, hiyo ni kweli. Lakini aliyeketi katika chumba cha operesheni tarehe 8 Aprili alikuwa na maili 120 za kuvuka na mashua nane za kukagua, na meli kubwa yenye masafa ilikuwa ya wanamaji. Walinzi wa Pwani walifika siku nne baadaye. Uamuzi huo ulikuwa umefanywa miaka mingi kabla, katika bajeti, pale nchi ya visiwa zaidi ya elfu saba ilipoachia kikosi chake cha pwani meli chache namna hiyo.

*Kutokamata kwa nguvu.* Wapo waliouliza Manila kwa nini kamanda hakuwakamata wavuvi kabla meli za China hazijafika. Ni swali la mtu aliyekaa nchi kavu. Manowari ya mita 115 haina kazi ndani ya bwawa la matumbawe, na waliopanda mashua walikwenda na vyombo vidogo. Kuvuta mashua nane kupitia mlango mmoja, na meli mbili za serikali nyingine zimesimama hapo, maana yake ni kugongana au kufyatua risasi. Kamanda alichagua kutofanya lolote kati ya hayo. Naona alichagua sawasawa.

Kosa, kama lipo, ni kwamba hakukuwa na agizo lililoandaliwa mapema la kufanya nini na mzigo. Saa za asubuhi ile zilitosha kuchukua sehemu ya kombe na matumbawe kama ushahidi.

*Kubadilisha meli ya kijivu kwa nyeupe.* Uamuzi mzuri uliochelewa. Ulipunguza hatari ya risasi, lakini ulifika wakati upande wa pili umeshashika mlango, kwa hiyo Beijing iliusoma kuwa ni kurudi nyuma.

*China kuongeza meli baada ya wavuvi kuondoka.* Huu ndio uamuzi uliobadilisha kisa kutoka ugomvi wa uvuvi kuwa ugomvi wa nani anaendesha mahali. Ulikuwa na gharama ndogo. Meli za kiraia hazigusi moja kwa moja mkataba wa ulinzi wa 1951 kati ya Ufilipino na Marekani, ambao unazungumzia shambulio la silaha. Meli nyeupe ikikaa mlangoni haijashambulia mtu. Imekaa tu.

*Kuondoka kwa ajili ya kimbunga.* Hakuna nahodha atakayelaumiwa kwa kukimbia kimbunga akiwa na meli ya mita 56. Lililokosekana ni agizo la kurudi kuambatana na agizo la kuondoka.

Matokeo

Tangu Juni 2012 China imekuwa na udhibiti wa mlango. Mwaka 2013 iliunganisha idara nne kati ya zile tano kuwa kikosi kimoja cha Walinzi wa Pwani, na mwaka 2018 kikosi hicho kikawekwa chini ya polisi wa kijeshi.

Tarehe 22 Januari 2013 Ufilipino ilifungua shauri la usuluhishi chini ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari. China ilikataa kushiriki. Hukumu ya tarehe 12 Julai 2016 ilisema Scarborough ni mwamba unaoweza kuwa na maili 12 za bahari kuuzunguka lakini si ukanda wa uchumi wa maili 200. Ilisema wavuvi wa kienyeji wa Ufilipino, wa China na wa mataifa mengine jirani wana haki ya jadi ya kuvua hapo, na kwamba China ilivunja sheria kwa kuwazuia Wafilipino. Ilisema pia kuwa meli za China, tarehe 28 Aprili na 26 Mei 2012, zilikiuka kanuni za mwaka 1972 za kuzuia migongano baharini. China haiitambui hukumu hiyo.

Mwishoni mwa 2016, baada ya Rais mpya wa Ufilipino kuzuru Beijing, wavuvi waliruhusiwa tena kusogea, ila si kuingia ndani ya mwamba. Ruhusa hiyo imekuwa ya kubanwa na kulegezwa. Septemba 2023 mzamiaji wa Walinzi wa Pwani wa Ufilipino alikata kamba ya maboya yenye urefu wa mita 300 hivi. Agosti 2025 meli ya Walinzi wa Pwani wa China na manowari ya China ziligongana zenyewe kwa zenyewe zikiifukuza meli ya Ufilipino, BRP Suluan.

Uchambuzi

Katika mafunzo ya doria kisa hiki kwa kawaida hufundishwa kama kisa cha rangi ya meli: usitume kijivu pale nyeupe inatosha. Somo hilo ni sahihi lakini ni dogo. Ufilipino ilibadilisha rangi siku ya tatu na bado ilipoteza mlango wiki tisa baadaye. Kilichoamua ni uwezo wa kukaa.

Hesabu ya kukaa inajulikana na kila ofisa wa doria: ili uwe na meli moja kwenye kituo muda wote unahitaji tatu hivi, kwa sababu moja iko kazini, moja iko njiani au inajaza mafuta, na moja iko matengenezoni. Ukitaka mbili kituoni, hesabu sita. Ufilipino ilikuwa na hesabu ya kuonekana, si ya kukaa. Ndiyo maana kila meli iliyokwenda Scarborough iliacha pengo mahali pengine, na kimbunga kimoja kilitosha kumaliza kila kitu. China nayo ilikuwa na idara mbili zinazoshindana kuonyesha kazi, na kwa mara moja ushindani wa ofisi ulizaa meli badala ya barua.

Jambo la pili ni midomo. Mbali na wizara ya mambo ya nje, Rais wa Ufilipino alimtumia seneta mmoja kuzungumza na Beijing kwa siri, na Marekani nayo ilikuwa na mazungumzo yake na China. Habari za njia ya siri zilipotoka Septemba 2012, seneta na wizara walirushiana maneno hadharani. Kila njia huenda ilikuwa na nia njema. Lakini meli zilipotakiwa kuondoka, hapakuwa na karatasi moja inayosema nani anaondoka kwanza, saa ngapi, nani anathibitisha kwa ndege au setilaiti, na nini kinafuata mmoja akibaki. Makubaliano ya kuondoa meli yasiyo na ratiba ya saa na mtu wa kuhakikisha si makubaliano. Wanasheria wa mikataba wanalijua hili, ila wakati wa mvutano wanaopiga simu si wanasheria.

Kilichofanya kazi vizuri kuliko chote hakikuhitaji injini. Maofisa wa meli ndogo za Ufilipino waliandika. Waliandika saa, uelekeo, kasi na umbali wa kila meli iliyowakaribia, wakapiga picha, wakapeleka ripoti nchi kavu. Baadaye ripoti hizo ziliwekwa mbele ya wasuluhishi, na wataalamu wa uendeshaji meli wakazilinganisha na kanuni za migongano. Ukisoma sehemu hiyo ya hukumu unaona ilivyojengwa juu ya kazi ya mabaharia wa zamu. Ubora wake mwingine ni kwamba kanuni za 1972 hazijali mwamba ni wa nani. Meli ya serikali ikikata omo ya nyingine kwa karibu imekosea hata kama iko kwenye maji yake. Kwa wakala mdogo anayekabiliwa na mkubwa, hilo ni shauri linaloweza kushinda bila kwanza kushinda shauri la umiliki. Kweli, ushindi wa karatasi haukuufungua mlango. Lakini kila tukio la baada ya 2016 linapimwa kwa kipimo hicho, na Walinzi wa Pwani wa Ufilipino sasa hubeba waandishi wa habari ndani ya meli zao, jambo ambalo 2012 halikuwa desturi.

Vikosi vya upande wetu vinaweza kulisoma hili bila kwenda Asia. Migingo katika Ziwa Victoria ni jiwe dogo pia, na mwaka 2009 Rais wa Uganda alikubali kwamba kisiwa kiko Kenya huku akisema maji yanayokizunguka ni ya Uganda. Wengi waliona kauli hiyo kama kichekesho. Kwa mvuvi wa sangara haikuwa kichekesho hata kidogo, kwa sababu yeye anakamatwa kwenye maji, si kwenye jiwe. Wasuluhishi wa 2016 walifanya jambo linalofanana na hilo kwa utaratibu: walikataa kugusa umiliki wa mwamba, wakaamua nani ana haki ya kuvua.

Na hapo ndipo naona nafasi iliyopotea. Katikati ya Mei 2012 serikali zote mbili zilikuwa zimetangaza, kwa wakati uleule, kwamba samaki wa eneo lile wapumzike. Kila moja ilitangaza kwa jina la mwenye mali, lakini kilichoamriwa kilikuwa kilekile: wavuvi wasiende. Kwa muda wa wiki kadhaa hakuna idara iliyokuwa na mvuvi halali wa kumlinda pale. Hiyo ilikuwa sababu tosha ya kuzirudisha meli bila yeyote kukiri chochote, kila upande ukisema unaheshimu marufuku yake wenyewe, na mabaharia wa pande zote wakapata usingizi. Mashua 16 zilizoonekana baadaye mwezi huo, na meli 5 zilizozilinda, ndizo zilizoifunga njia hiyo.